Ramani ya Vikombe

Kijiwe chetu ni ubao mmoja mrefu uliolazwa mbele ya duka la kinyozi, na kinyozi mwenyewe ni mimi. Ubao aliuchonga Injinia, seremala wetu, ambaye chuo cha uhandisi hajakikanyaga, ila makabati yake lazima uelekezwe ndipo uyafungue. Upande wa kulia, karibu na kahawa, hukaa Wakili. Alikuwa tarishi wa mahakama, akastaafu, na kitu alichotoka nacho kule ni mdomo. Katikati hukaa Uzi, fundi cherehani wa mlango wa pili, sindano kifuani na masikio kila mahali. Muuza kahawa tunamwita Birika, maana hajaonekana bila birika lake, na vikombe vyake vidogo anavilinda kama wanawe. Asubuhi hiyo aliongezeka Kitufe, shemeji yake Uzi, anayetengeneza programu za simu. Alikuja kuomba umeme, nikamchomekea simu yake dukani, akatoka nje na kukaa ncha ya ubao, mikono kichwani. Mtu akishika kichwa mbele ya kinyozi, kinyozi lazima aulize.

Mimi: Kinauma au kimejaa?

Kitufe: Kimejaa, kaka. Sista Mkuu wa kliniki anapita hapa saa nne kuchukua ramani. Na ramani sina.

Injinia: Ramani ya nini? Kliniki si ile pale, hata bila miwani naiona.

Kitufe: Si ya barabara. Ya programu, ile ya wagonjwa kujiandikishia siku ya kuonana na daktari. Anataka nimchoree kurasa zote: upi unatangulia, una nini ndani, mtu akibonyeza hapa anatokea wapi. Na kwa nini. Bila hiyo ramani nisiguse kompyuta, kazi anawapa wengine.

Wakili: Lakini programu si ulishaitengeneza? Mimi niliitumia.

Tukainamisha vichwa kwa heshima. Yaliyompata Wakili yanajulikana mtaa mzima, lakini yeye husimulia kila mara kama ushahidi mpya. Alikuwa anaumwa goti. Akabonyeza penye siku ya daktari, akatokea kwenye historia ya kliniki na picha ya jiwe la msingi. Akajaribu kutoka, akabonyeza penye mchoro wa mtu aliyeshika tumbo, akidhani ndiyo alama ya kusema samahani. Kesho yake jina lake likaitwa kwa sauti kubwa kwenye foleni ya wajawazito.

Wakili: Nesi akaniuliza, baba, umemsindikiza mama? Nikamwambia, nimelisindikiza goti.

Uzi: Na wale kina mama wakakupisha mbele.

Wakili: Walinipisha! Watu wenye utu wale.

Kitufe hakucheka. Alitueleza kwamba alijenga programu ile jinsi wazo lilivyokuja. Sista akitaja jambo, yeye anaongeza ukurasa. Daktari akitaja lake, anaongeza mwingine pembeni. Halafu akaugua, mwenzake akaitwa amshikie kazi, na mwenzake huyo akahangaika kutwa akitafuta kurasa zinavyoshikana. Sista alipouliza mchoro wa programu ile, kabla hajaamua ijengwe upya, Kitufe alimjibu kwamba kila kitu kiko kichwani.

Mimi: Nimenyoa vichwa vingi maisha haya. Sijakuta ukurasa hata mmoja.

Uzi: Wewe mwache. Shemeji, nisikilize. Sare za manesi nazishona mimi, na aliyekusemea kwa Sista ni mimi. Nilimwambia huyu ni mtu wa kazi. Mdogo wangu naye ameshawatangazia majirani kwamba mume wake ni mtu wa kliniki. Ukiikosa hii kazi, sare nitakuwa nazirusha kupitia dirishani ili nisionane na yule mama.

Kitufe: Najua, shemeji. Usiku silali. Nikianza kuchora, mishale inashikana kama nywele za mtu aliyeamka sasa hivi.

Injinia: Basi usichore. Jenga! Kitu hujengwa kikaonekana. Birika, lete vikombe. Kila kikombe ukurasa mmoja. Tunavipanga hapa ubaoni, tunaona kwa macho.

Birika: Kikombe changu hakitoki bila kahawa ndani.

Injinia: Kwa hiyo?

Birika: Kwa hiyo anayetaka ukurasa aunywe kwanza.

Hiyo ndiyo sheria iliyotuponza. Wakati ule ilionekana ya haki kabisa. Injinia akanywa kimoja, akakipindua ubaoni, akasema huo ndio mwanzo. Akanywa cha pili, akasema hiyo ni droo.

Kitufe: Droo ya nini tena, kaka?

Injinia: Programu ni kabati. Kabati bila droo ni sanduku tu. Na ndani ya droo unaweka droo. Mtu anaumwa macho, sawa? Anafungua droo ya mwili, ndani ana droo ya kichwa, ndani droo ya uso, ndani droo ya macho.

Uzi: Jicho la kulia au la kushoto?

Injinia: Droo mbili! Birika, mimina.

Wakili: Na mwenye makengeza?

Injinia akafikiri, akamimina mwenyewe.

Uzi akaona mambo yanakwenda bila kipimo. Akachomoa kibonge cha uzi mweusi kutoka mfukoni, akaanza kuulaza kutoka kikombe hadi kikombe, kwamba hizo ndizo njia za kupita. Lilikuwa wazo zuri, lazima nikiri, na kama angeishia hapo tungekuwa mbali.

Uzi: Tatizo lenu mnashona kabla ya kupima. Watu si saizi moja. Weka ukurasa wa wenye vidole vinene, wa wenye vidole vyembamba, wa wenye haraka, wa wasio na haraka, na wa waliosindikizwa na mama mkwe.

Kitufe: Huo wa mama mkwe kwa nini?

Uzi: Ukiwa na mama mkwe lazima uonekane unaumwa zaidi.

Mimi: Na njia mbona umeizungusha mpaka nyuma ya tako la Wakili?

Uzi: Wahenga hawakukosea: njia ya mwongo ni fupi. Kwa hiyo mgonjwa apitishwe njia ndefu, tujue ni mkweli.

Wakili akakohoa. Wakili akikohoa hivyo, jua mahakama imekaa.

Wakili: Mheshimiwa Kitufe, mwanangu. Nyote hapa mmesahau haki ya kusikilizwa. Mgonjwa anaingia, anaapa. Anataja ugonjwa. Analeta shahidi aliyemwona akiumwa. Kisha anapewa tarehe. Asiporidhika na tarehe, kuna ukurasa wa rufaa. Birika, hicho cha rufaa kijaze vizuri.

Injinia: Shahidi wa nini kwa mtu mwenye homa?

Wakili: Utajuaje ni homa yake? Na asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kwa hiyo waliovunjika guu wote wawe na ukurasa wao wa kuomba radhi kabla ya kutibiwa.

Kitufe: Jamani, kuna mtu anaandika haya?

Wakili: Ya nini? Mali bila daftari hupotea bila habari. Sasa wewe angalia hapa ubaoni, kuna mwenye mali? Hakuna. Daftari halituhusu.

Tukakubali kwa pamoja. Kahawa ilikuwa imeshapanda vichwani na hoja yoyote yenye wahenga ndani ilikuwa inapita bila kupingwa. Hata mimi, ambaye kwa kawaida ndiye mwenye akili pale kijiweni, nikanywa kikombe, nikakipindua ubaoni.

Mimi: Wote mmekosea kwenye ukurasa wa kwanza. Mimi nina miaka nikiangalia watu. Mtu haondoki mbele ya kioo. Ukurasa wa kwanza usiwe na maneno, uwe na uso wa mgonjwa mwenyewe. Afungue simu, ajione. Akijiona mzima, arudi zake nyumbani.

Injinia: Umeshaiua kliniki hivyo.

Mimi: Nimepunguza foleni!

Birika: Ninyi mnajisumbua. Weka kitufe kimoja tu, katikati. Mtu akibonyeza, anakuja mtu na birika.

Kitufe: Birika la dawa?

Birika: La kahawa. Watu wengi hawaumwi, ni kwamba tu hawajanywa kitu tangu asubuhi.

Hapo ndipo breki zilipokatika. Injinia akataka ukurasa wa siri, mlango wa nyuma, usionekane na yeyote ila watu wa ubao huu, ili tukiugua tusipange foleni. Uzi akasema mlango wa nyuma hauna haja ya kuwa wa siri, uwe tu na pazia. Wakili akaleta ukurasa wa wazima. Kila asiyeumwa aingie aape kwamba haumwi, maana mzima asiyejiandikisha ni mgonjwa mtoro. Injinia akasema ikifika hapo kliniki yenyewe haitakiwi tena, programu imeshamaliza kazi zote. Jengo livunjwe, mbao za dari apewe yeye.

Wakili: Na manesi?

Injinia: Wawekwe kwenye droo.

Ubao ulikuwa umejaa vikombe kutoka ncha hadi ncha. Ule uzi mweusi umepita juu, chini, umerudi, umefanya fundo, na kila anayenyanyua goti anahamisha kurasa. Kila dakika mtu anasogeza kikombe chake karibu zaidi na mwanzo, mwingine anakirudisha. Wakili na Injinia wakashikana mikono juu ya kikombe cha rufaa, huyu anavuta, yule anavuta.

Ndipo Kitufe aliposimama.

Kitufe: Jamani. Mnacheka, na mimi nacheka nanyi. Lakini naogopa.

Alisema hivyo hivyo, waziwazi. Wakili akaachia kikombe.

Kitufe: Mgonjwa hataki kabati. Hataki mahakama. Panamuuma, anataka ajue aje lini. Basi. Hebu nipisheni.

Akaanza kuondoa vikombe. Akaondoa droo zote za Injinia, na Injinia akafumba macho. Akaondoa rufaa. Akaondoa uso wangu kwenye kioo, ingawa mpaka leo naamini lilikuwa wazo la maana. Vikabaki vichache. Akavipanga kwa mstari, akigusa kila kimoja kwa kidole.

Kitufe: Hiki mwanzo. Hiki, nani anaumwa, maana mtu anaweza kumwandikishia mama yake. Hiki, panauma wapi. Hiki, siku gani inakufaa. Na hiki, tayari, siku yako ni hii, uje na kadi yako. Shemeji, nipe uzi. Huu wa kwenda mbele. Na huu mwingine wa kurudi, mtu akikosea asitokee kwenye jiwe la msingi.

Wakili akainuka taratibu, akaweka kidole chake kwenye kikombe cha mwanzo. Akakitembeza juu ya uzi. Akasimama kwenye panauma wapi, akatamka “goti” kwa sauti ndogo. Akaenda mbele, akakosea makusudi, akarudi kwa uzi wa kurudi, akaenda tena, mpaka kikombe cha mwisho.

Wakili: Nimefika.

Hakuna aliyemtania. Macho yake yalikuwa yamelowa.

Wakili: Nimefika na goti langu. Hakuna mjamzito hata mmoja njiani.

Zikazuka pongezi ambazo hazijawahi kuonekana pale. Injinia akampiga Kitufe mgongoni mpaka akakohoa. Uzi akasema mdogo wake hakuolewa na mtu wa mchezo. Wote tukakubaliana, neno kwa neno, hakuna aliyebisha, jambo ambalo kijiwe kile hakijafanya tangu kijengwe.

Uzi: Haya, andika sasa, Sista yuko njiani.

Tukapapasa mifuko. Tarishi wa mahakama, seremala, fundi cherehani, kinyozi na muuza kahawa, na kalamu haipo. Ilikuwapo penseli sikioni mwa Injinia, lakini haikuwa na ncha, na wembe wangu sichongei penseli.

Kitufe: Haina shida. Napiga picha.

Akakimbilia dukani kwangu kuchukua simu. Sasa, simu ya Kitufe imeishi maisha marefu. Ukiiwasha inatoa rangi, inafikiri, inazima, inajuta, inatoa rangi tena. Nilimsikia kule ndani akiibembeleza kama mtoto anayekataa uji.

Huku nje, Birika akatikisa birika lake. Likalia tupu.

Birika: Imekwisha. Chovya chovya humaliza buyu la asali.

Kahawa ikiisha, Birika hukusanya vikombe. Ndivyo anavyofanya siku zote, na hakuna aliyemwona akifanya kosa. Akapita ubaoni akiviokota kimoja kimoja, akivitia kwenye ndoo ya maji. Papo hapo mteja wa Uzi akaita kutoka mlango wa pili, suruali yake iko wapi, na Uzi akakumbuka kwamba ule uzi mweusi ni wa suruali hiyo. Akaukunja haraka haraka, akarudisha kibonge mfukoni. Wakili alikuwa amemshika mpita njia mkono, anamsimulia jinsi alivyofika. Injinia alikuwa anaisikiliza hadithi ambayo yeye mwenyewe alikuwamo. Na mimi nilikuwa nimeshachukua taulo ili nipanguse ubao. Sikupangusa kwa sababu ya uvivu. Nashukuru Mungu kwa uvivu ule.

Kitufe akatoka mbio, simu mkononi, kioo kinang'aa.

Kitufe: Imewaka! Sogeeni, msitie kivuli…

Akasimama.

Kitufe: Vikombe viko wapi?

Birika: Navisuuza. Viko vyote, usiwe na wasiwasi.

Kitufe: Shemeji, uzi?

Uzi akatia mkono mfukoni, akautoa, akautazama ule uzi kama kitu alichokutwa nacho.

Uzi: Mama yangu.

Injinia: Tulieni! Alama si hizi hapa? Angalieni maduara ya kahawa. Kila kikombe kimeacha duara lake.

Ni kweli, maduara yalikuwepo. Yalikuwepo kwa wingi. Vikombe vya asubuhi nzima, vilivyosogezwa, kurudishwa na kugombewa, vyote viliacha duara, mengine yamepandana. Kitufe akapiga picha hata hivyo. Nilimwonea huruma mpaka nikatamani nimnyoe bure.

Kabla hajaishusha simu, tukaona viatu vyeupe. Sista Mkuu alikuwa amesimama mbele ya ubao, mkoba begani, mama mwembamba asiyepandisha sauti kwa sababu hajawahi kuhitaji.

Wote: Shikamoo, Sista.

Sista: Marahaba. Wakili, goti linaendeleaje?

Wakili: Limefika, Sista.

Sista hakuelewa, akaliacha lipite.

Sista: Haya, baba. Ramani yangu?

Kitufe akafungua mdomo. Wakili akamtangulia, kama kawaida.

Wakili: Sista, ramani iko mbele yako. Imejadiliwa, imepimwa, imejaribiwa, imepitishwa bila kupingwa. Sote hapa ni mashahidi.

Sista akavaa miwani. Akautazama ubao kutoka ncha hii hadi ncha ile, bila haraka, kama anavyomtazama mgonjwa anayesema hana tatizo lolote.

Sista: Vizuri. Mgonjwa anaanzia wapi?

Tukajibu kwa pamoja, kwa vidole. Wakili akaonyesha duara lililo karibu na goti lake. Injinia akaonyesha ncha ya kushoto. Uzi akaonyesha katikati. Mimi nikaonyesha lile la karibu na mlango wangu, na nilikuwa na uhakika, wallahi. Birika akatoa mkono kwenye ndoo, maji yanachuruzika, akanyanyua kikombe.

Birika: Hiki.

Tukatazamana. Vidole vikaanza kushuka kimoja baada ya kingine.

Sista: Na wewe mwenye kazi?

Kitufe akainama. Akayatazama yale maduara muda mrefu. Uzi alikuwa amekibana kile kibonge kwa mikono miwili, midomo inasema dua.

Kitufe: Sijui, Sista. Sasa hivi tu nilikuwa najua. Kilikuwa hapa.

Nikajua kazi imekwenda. Sista akavua miwani, akamtazama.

Sista: Mara ya kwanza uliniambia kiko kichwani.

Kitufe: Ndiyo, Sista.

Sista: Leo umesema hujui.

Kitufe: Ndiyo, Sista.

Sista: Wakili, nipishe.

Wakili, ambaye hajawahi kumpisha mtu nafasi ile hata siku ya mvua, akasogea. Sista akakaa. Akafungua mkoba, akatoa kalamu na karatasi nyeupe, akailaza juu ya ubao, juu kabisa ya maduara yetu yote. Akapiga ubao kwa kiganja, pembeni yake, na Kitufe akakaa.

Sista: Ukurasa wa kwanza unaitwaje? Useme, uandike, ndipo twende wa pili. Birika, nitilie kahawa.

Birika: Imekwisha, Sista.

Sista: Afadhali.

Akampa Kitufe kalamu.